Kengele ya Ijumaa

Kila asubuhi Babu Kengele, mlinzi wa shule, alifuta kitufe cha kengele kwa kona ya koti lake la kazi, ingawa siku hizo hakukibonyeza tena. Kengele ilipigwa na kompyuta. Programu iliandikwa na msichana wa darasa la saba aliyeitwa Fundi: ilisoma ratiba ya wiki, kisha yenyewe ikaandika programu nyingine ndogo ya kupiga kengele. Aliijaribu Ijumaa, siku ambayo watoto hutoka mapema. Kengele ikalia sawasawa. Mwalimu Mkuu akampigia makofi.

Jumatatu, katikati ya mtihani, kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Karatasi zikakusanywa nusu tupu.

"Ni yule mzee!" Mwalimu Mkuu alifoka. "Ana kinyongo na kompyuta. Kabonyeza!"

Papo hapo akamvua koti na kumfukuza kazi.

"Umepona, Fundi," rafiki yake alinong'ona. "Funga domo."

Fundi alilifunga, mpaka alipomwona mzee akitoka getini na shati lililochanika mgongoni. Akamkimbilia mwalimu wa kompyuta.

"Mwalimu, programu yangu nimeisoma yote. Sioni kosa."

"Umesoma uliyoandika wewe. Ile iliyoandikwa na programu yako, je? Usiiendeshe. Itoe kwenye skrini tuisome."

Ikatokea. Jumatatu ilikuwa na saa za Ijumaa. Jumanne pia. Siku zote! Ratiba ya siku iliyosomwa mwisho, Ijumaa, ilikuwa imezifunika za siku zilizotangulia.

"Kumbe Ijumaa ilinidanganya," Fundi alisema.

"Haikukudanganya. Hukuijaribu programu siku nyingine."

Fundi akarekebisha mstari mmoja wa programu yake, kisha akaenda ofisini. "Mwalimu Mkuu, kosa ni langu. Babu hakubonyeza kitu."

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Basi, mtihani utarudiwa. Na yeye arudi." Neno samahani halikumtoka.

Babu Kengele alirudi, akavaa koti lake. Fundi alipomweleza yote na kumwomba radhi, alimshika bega.

"Umesema kweli, mjukuu wangu, na kweli inauma. Lakini shika hili: kompyuta mliifungua, mkaisoma ndani kabla ya kuihukumu. Mimi nina mdomo, na hakuna aliyeniuliza hata nilikuwa wapi. Ukiwa mkubwa wa watu, uliza kwanza."

Kesho yake alipita mbele ya kile kitufe bila kukitazama. Kikaanza kushika vumbi.