Morio Ajifunza Kushusha Mabega

Tofu ya Morio Tokashiki ilikuwa laini. Morio mwenyewe hakuwa laini hata kidogo.

Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro cha mtaa wa Tsuboya, mjini Naha, kisiwani Okinawa. Kila alfajiri alisaga soya. Aliikamua, akayachemsha maziwa yake, kisha akatia maji ya chumvi ili yagande. Watu wa Okinawa wanapenda tofu ingali ya moto, kwa hiyo wateja walifika mapema. Tofu waliipenda. Makelele hawakuyapenda, ila waliyazoea.

"Nani ameweka ndoo hapa?" Morio alifoka.

"Wewe," mkewe, Sumie, alimjibu.

"Sasa mbona hukuiondoa?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakumpiga mtu, lakini alifoka, akabamiza milango, akarusha miiko. Wasaidizi wa duka hawakudumu. "Mimi nikishafoka yameisha," alipenda kusema. "Sina kinyongo." Ni kweli, kwake yaliisha. Kwa wenzake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Binti yao, Misuzu, alikuwa anakaribia kumaliza shule ya kati. Jioni alikwenda kwenye ukumbi wa karate wa mwalimu Makishi. Alianza tangu mdogo, na sasa alifunga mkanda mweusi.

Siku moja Sumie alikuwa anakaanga mayai na karela, ile mboga chungu. Alisema bila kugeuka, "Baba Misuzu, mwanao anataka kwenda shule ya bweni, Fukuoka."

"Ng'ambo ya bahari? Kwani shule za hapa zina nini?"

"Hazina neno. Si shule anazozikimbia."

"Anakimbia nini basi?"

Sumie alizima jiko. "Anakukimbia wewe. Amechoka kuogopa."

Maneno hayo yalimchoma Morio. Lakini mwenye kiburi akichomwa humtafuta wa kumlaumu, na Morio alimpata upesi. "Ni yule mwalimu wa karate! Ndiye anayemtia maneno!" Akatoka na mabuti yake ya mpira, hata aproni hakuvua.

Ukumbini wanafunzi walikuwa wamepiga magoti. Walikuwa wanafuta sakafu ya mbao kwa vitambaa, kama kila siku kabla ya mazoezi. Mtu wa Okinawa huvua viatu hata akiingia nyumbani kwa adui yake. Morio aliingia na mabuti mpaka katikati.

"Mwalimu! Wewe ndiye unayeninyang'anya mtoto!"

Misuzu alichukua kitambaa, akaanza kufuta nyayo za baba yake. Alianzia mlangoni. Akafuta moja, akafuta nyingine, mpaka akafika pale aliposimama.

"Baba, naomba uinue mguu," alisema kwa sauti ndogo.

Aibu ilimshika Morio. Akatoka nje mbio, akakaa kwenye ngazi.

Mwalimu Makishi alimfuata. Alikuwa mama wa zaidi ya miaka sitini, aliyewahi kuwa muuguzi. Hakumgombeza. Alimtazama tu, kisha akasema, "Baba Misuzu, mabega yako yamefika masikioni."

"Nini?"

"Mabega. Hayakuumi?"

Morio aliyagusa. Yaliuma. Yalikuwa yakimuuma miaka yote, naye alisingizia magunia ya soya.

"Hasira hupanda mwilini kwanza," mwalimu alisema. "Mabega yanainuka, ngumi zinakaza, pumzi inakuwa fupi. Mdomo hufuata nyuma. Ukiweza kuikamata mabegani, haitafika mdomoni. Hilo mtu anafundishika. Njoo Jumanne."

"Mimi? Na umri huu?"

"Mbona kwenye kufoka huuoni umri?"

Jumanne Morio alikwenda. Alidhani atavunja mbao. Kumbe alipewa nafasi ya mwisho kabisa kwenye mstari, chini ya watoto wa shule ya msingi. Pale ukumbini aliyetangulia ndiye mkubwa, hata kama bado anang'oka meno ya utoto. Tena mwalimu alimpangia Misuzu awe kiongozi wake.

"Mwinamie, useme, 'Naomba unifundishe,'" mwalimu alimwelekeza.

"Huyu? Nilimbadilisha nepi huyu!"

"Hukunibadilisha," Misuzu alisema taratibu. "Mama anasema ulikuwa unakimbia."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mabega ya Morio yakaanza safari yao.

"Hapa hatuinamii umri," mwalimu Makishi alisema. "Tunamwinamia aliyetangulia njia. Na yeye atakuinamia wewe, maana bila mwenzake mtu hajifunzi kitu."

Morio aliinama. Shingo ilikuwa ngumu kama mti mkavu, lakini aliinama. Misuzu naye aliinama, chini kuliko yeye.

Wiki nyingi alifundishwa kusimama tu. Asimame, ashushe mabega, atoe pumzi ndefu polepole. Mwalimu alipita akiyapigapiga mabega yake kwa kiganja. "Yameshapanda tena."

"Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza kupigana, si kupumua."

"Kupigana unajua siku nyingi. Kupumua ndiko hujui."

Baadaye alianza kufundishwa mfululizo wa mapigo. Pigo lake la kwanza halikuwa pigo. Lilikuwa kukinga.

"Kwa nini tunaanza na kukinga?" mwalimu aliuliza.

"Ili nisipigwe."

"Na pia ili ujue kilichokujia. Kwanza pokea. Kitazame. Ndipo ujibu, kama bado kuna haja ya kujibu."

Morio aliitikia, ila kuitikia si kuelewa. Jioni moja yeye na Misuzu walikuwa wakifanya zoezi la wawili. Mmoja hupiga, mwingine hukinga, kwa zamu. Morio alikosea mguu, akakosea tena.

"Mguu wa kushoto, baba," Misuzu alisema. "Si huo. Wa kushoto!"

Mtoto mmoja alicheka. Basi Morio akapiga, na haikuwa zamu yake. Ngumi ilimpata Misuzu mdomoni. Damu ikatoka.

Misuzu hakulia. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama baba yake kama alivyomtazama kila siku nyumbani. Morio aliutambua mtazamo ule. Sasa tu ndipo alipoona kuwa ni wa hofu.

"Mkono umeteleza," alisema.

Mwalimu Makishi alimpa Misuzu kitambaa safi na barafu. Kisha akamgeukia Morio. "Mkono hauna akili ya kuteleza wenyewe. Sema ulichofanya."

"Alikuwa ananisema mbele za watu..."

"Hilo ni alichofanya yeye. Nimekuuliza ulichofanya wewe."

Kwa Morio ilikuwa vigumu kulisema kuliko kubeba magunia yote ya dukani. "Nilikasirika," alisema mwishowe. "Nikampiga mwanangu." Akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni. "Misuzu, nimekosa. Nisamehe."

Sumie alipoambiwa hakuamini. Katika ndoa yao yote hakuwahi kulisikia neno lile.

Misuzu alisema amesamehe. Lakini kuhusu Fukuoka hakubadili nia, na Morio hakuthubutu kumuuliza. Aliendelea kwenda ukumbini. Nyumbani nako alijaribu. Akihisi mabega yanapanda, alitoka kichochoroni, akapumua, akarudi. Siku nyingine alichelewa kutoka, na mlango ukabamizwa kama zamani. Siku hizo alirudi akasema, "Nimefoka bure. Samahani."

Ikafika siku ya mwisho wa mwaka. Siku hiyo kila nyumba mjini Naha inataka tofu. Foleni ilifika barabarani. Misuzu aliamka kusaidia. Alishika sufuria kubwa ya maziwa ya soya yanayochemka, akateleza, na yote yakamwagika sakafuni.

Sumie alifumba macho.

Morio alihisi mabega yakipanda. Yalipanda haraka, na ngumi zikakaza. Akayashusha. Akatoa pumzi, ndefu, mpaka ikaisha. Akatazama kilichomjia. Hayakuwa maziwa. Alikuwa ni mtoto aliyesimama katikati ya mvuke, anamtazama usoni.

"Umeungua?" aliuliza.

Misuzu alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejiandaa kusikia jambo jingine.

"Nakuuliza mwanangu, umeungua? Nionyeshe mikono."

Mkono mmoja ulikuwa mwekundu. Morio aliupeleka kwenye bomba, akafungulia maji ya baridi, akaushikilia pale bila haraka. Kisha akawaambia wateja, "Jamani, tofu imemwagika. Tunasaga nyingine. Mwenye haraka aje mchana."

Bibi mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni alimnong'oneza mwenzake, "Leo Tokashiki anaumwa?"

"Siumwi, bibi," Morio alisema. "Najifunza."

Hakuna aliyeondoka. Tofu ilichelewa, lakini ilitoka, na yote ikanunuliwa.

Duka lilipofungwa, Misuzu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa kitambaa.

"Baba, Fukuoka sitakwenda."

Furaha ilimjaa Morio, lakini hakuirukia. Aliipokea kwanza. "Ukitaka kwenda kwa ajili ya masomo, nenda. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Usibaki kwa kunihurumia."

"Sibaki kwa huruma," alisema Misuzu. "Nilitaka kwenda kwa sababu nilikuogopa. Leo nilipomwaga sufuria niligeuka kutazama uso wako. Nikakuta wewe unatazama mikono yangu."

Morio alilia, na wala hakujificha. Alipomaliza alipangusa macho kwa aproni.

"Bado unauma?"

"Kidogo."

"Basi kaa hapo hapo. Sufuria nitaosha mimi."