Aliyejibu Ngazini

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, na mpaka leo hapandi ngazi peke yake.

Mwanawe alipenda ngoma kupita kiasi. Masufuria yote nyumbani yalishabonyea. Walikuwa na mchezo wao: mama akirudi kazini hugonga chuma cha ngazi kwa pete, ngo-ngo-ngo, na mtoto aliyetega sikio mlangoni humalizia kwa kijiko, ngo-ngo.

Alasiri moja pumu ilimbana mtoto mpaka akazirai. Mama akamwachia mama mkwe wake, akatoka mbio kutafuta dawa. Duka la kwanza hawana, la pili limefungwa, akahangaika mpaka akapata. Kurudi, jua limezama, umeme umekatika, na ngazi za jengo lile hazina dirisha hata moja. Akapanda akipapasa ukuta, roho mkononi. Akagonga: ngo-ngo-ngo.

Huko juu gizani akajibiwa: ngo-ngo.

"Afadhali, ameamka!" akasema, machozi yakimtoka. Kila ghorofa akagonga, kila ghorofa akajibiwa.

Ndani alimkuta mama mkwe ameketi sakafuni, mshumaa kando, mjukuu mapajani, midomo imebadilika rangi.

"Mwanangu, mbona umekawia? Hajafumbua macho tangu utoke!"

"Si alikuwa ananijibu, mama?"

"Akujibu na nini? Hata pumzi anaitafuta!"

Fundi akapiga magoti, dawa haifunguki. Nyuma yake, kule ngazini alikotoka, chuma kikagongwa: ngo-ngo-ngo. Kisha kimya, kama mtu anayesubiri.

Mtoto, amefumba macho vilevile, akainua kidole akamalizia kwenye paja la bibi yake.