Lebo Mpya ya Fundi Kibwana

Miguu ya Bi Mwamtoro ilipanda ngazi za karakana peke yake, bila Bi Mwamtoro. Ilifika juu, ikageuka, ikapiga magoti kwa adabu kama mkwe mpya. Wateja wakashangilia. Morogoro nzima ilisema Fundi Kibwana angeweza kuituma miguu ya chuma Uluguru, ikarudi na kikapu cha karoti.

Kibwana alicheka nao, lakini jicho lake lilikwepa meza. Asubuhi ileile Bawabu, mtambo uliokaa pale mezani kukagua mafurushi ya amri, alikuwa amelikataa furushi la nyendo za miguu hiyo.

Ndani ya kila jozi ya miguu huishi mkalimani, programu inayosoma furushi na kuyaamrisha magoti. Mkalimani wa zamani alitoa amri kwa foleni: mguu wa kulia umalize, ndipo wa kushoto uanze. Huyu mpya, aliyemo katika miguu ya Bi Mwamtoro, alitoa amri zote kwa mpigo. Na mafurushi huja yamejengwa tayari, kila moja na lebo inayosema ni la mkalimani gani.

"Hili ni la foleni," Bawabu alisema. "Halilingani. Lijengwe upya. Siku tatu."

Siku tatu! Harusi ya mjukuu wa Bi Mwamtoro ilikuwa kesho, na Kibwana alikwisha kumwapia bibi yule kwamba atacheza. Basi, Bawabu husoma lebo tu, furushi halifungui. Kibwana akaandika lebo mpya, "la mpigo", na Bawabu akalipitisha.

Kesho yake Bi Mwamtoro aliingia ukumbini akimtangulia bibi harusi, anacheza. Ngoma ilipokolea, miguu yote miwili ikapata ruhusa ya kuinuka kwa wakati mmoja. Ikainuka. Bi Mwamtoro akaangukia sinia la pilau, kifundo cha mkono kikavunjika.

Kibwana, nyama ikiwa bado mdomoni, alimsikia akiwaambia watu: "Msimtazame fundi. Miguu mizima hii, kibovu ni uzee wangu."

Kibwana akaitema nyama ile kwenye leso.

Jumatatu akaenda hospitali na machungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuupima uzee wangu?"

"Si uzee, mama. Bawabu alikataa. Mimi nikabadili lebo."

Bi Mwamtoro, refa wa netiboli kwa miaka thelathini, alimtazama kama mchezaji aliyeficha mpira kwapani.

"Ungeniambia siku tatu, ningeingia na kiti cha magurudumu, nawapungia watu kama malkia. Nani alikwambia mimi siwezi kukaa?"

Kibwana akamenya chungwa, vibaya, maji yakamtiririka hadi kiwiko.

"Wengine wangapi uliwabadilishia lebo?"

"Sijakuelewa, mama."

"Umenielewa."

"Kumi na mmoja," alisema, akilisemesha chungwa.

"Simu unayo. Piga hapahapa nisikie. Na usiseme kuna hitilafu. Sema ulichofanya."

Wa kwanza alikuwa Mzee Ngwatu, ambaye shamba lake liko mlimani, ukingoni mwa genge refu. Simu iliita mara nne. Ilipopokewa, zikasikika nyayo za chuma juu ya mawe: ko, ko, ko.

"Fundi bingwa!" mzee alipaza sauti kwa furaha. "Miguu yako inaruka hii!"

"Shikamoo, mzee," Kibwana alisema, uso umemwiva. "Nakuomba usimame. Kaa chini hapohapo ulipo. Nilikudanganya."