Mguu Ambao Haukuvunjika

Mapokezi ya hospitali yalijaa watu mpaka mlangoni, na katikati ya umati ule mwanamke mmoja mwenye suti ya michezo ya buluu, filimbi shingoni, alikuwa anafoka kama yuko uwanjani.

"Mwanangu kavunjika mkono, nyie mnanizungusha na foleni!"

"Dada, punguza sauti. Hapa kuna wagonjwa." Aliyesema alikuwa muuguzi wa chumba cha plasta, mrefu, ndevu zimechongwa, sare nyeupe imepigwa pasi ikakubali. "Mwanao ni huyu?"

"Mwanafunzi wangu. Kila ninayemfundisha ni wangu."

"Una familia kubwa. Njooni."

Alimfunga binti yule mkono huku akimtania mpaka akasahau kulia. Kocha, maana ndivyo shule nzima ilivyomwita huyu mwalimu wa hesabu aliyefundisha pia tenisi, alijikuta anatazama vidole vya muuguzi kuliko mkono wa mgonjwa. Alipoondoka aliacha filimbi mezani. Kama aliisahau au alijisahaulisha, tumwachie mwenyewe.

Jioni simu ikalia.

"Kocha, nina filimbi yako. Nipulize ndiyo uje?"

"Thubutu! Nitakukimbiza uwanja mzima."

"Nikimbize tu, mradi unikamate."

Mapenzi yakashika kasi. Akitoka zamu, muuguzi alipitia uwanjani nyuma ya madarasa, uwanja wa udongo mwekundu ambao mistari yake Kocha aliichora mwenyewe kwa chokaa, na wavu wake aliushona kwa mkono kila ulipotoboka. Alifundishwa kushika raketi, akaishia kutupa mipira juu ya paa la maabara.

"Mpenzi, baki na plasta zako," Kocha alimwambia huku akijifuta machozi ya kicheko.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Kila Jumapili kulikuwa na mtoto wa kunolewa. Muuguzi hakununa. "Mimi nimeingia uke wenza na raketi," aliwaambia wenzake kazini.

Kisha mama yake akasafiri kutoka mbali kuja kumwona mkwe. Walikubaliana saa kumi jioni, nyumbani kwa muuguzi. Siku hiyo hiyo kulikuwa na fainali dhidi ya shule jirani, lakini ilianza mchana, na Kocha alipiga hesabu kwamba itaisha mapema. Mwalimu wa hesabu huyo! Tenisi haina muda wa kumalizika; mechi inaisha mtu akishinda, na mabinti wawili wa siku ile kila mmoja alikataa katakata kushindwa. Saa kumi ilipofika, seti ya tatu ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu mwenzake alimwambia, "Nenda, mimi nipo." Hakwenda. Simu ilipoita, alijificha nyuma ya tangi la maji.

"Uko wapi mpenzi? Mama keshavaa, kakaa sebuleni kama bibi harusi."

Angesema tu mechi haijaisha. Lakini aliona aibu kukiri kwamba anamsubirisha mama mkwe kwa sababu ya mpira, na mdomo ukamtangulia.

"Naelekea hospitali kwenu. Mtoto kavunjika mguu."

"Masikini! Nije?"

"Usijisumbue. Kaa na mama."

Akarudi uwanjani, na baada ya mapigo machache akasahau kabisa alichosema.

Muuguzi hakusahau. Aliwapigia wenzake waandae kitanda na waloweke plasta. Mama naye akasimama. "Mkwe wangu anahangaika na mtoto, mimi nikae hapa nimekunja nne?" Wakachukua teksi, mama na chupa ya chai na kikapu cha machungwa. Hospitalini hapakuwa na mtoto wala Kocha, na simu ya Kocha iliita bila kupokelewa. Muuguzi akaingiwa na hofu kwamba wamepata ajali njiani, akaamuru teksi iende shuleni polepole, huku anachungulia mitaro.

Walifika wakati Kocha amebebwa juu juu na wanafunzi, kombe mkononi.

Mama alisimama pembeni ya mstari na gauni lake la kutokea, kikapu mkononi. "Samahani wanangu," aliuliza, "aliyevunjika mguu ni yupi?"

Watoto walitazamana miguu. Kocha alishushwa chini, akatamani ardhi immeze. Hakuweza kumtazama yule mama usoni, alitazama machungwa.

"Plasta imekauka kwenye beseni," muuguzi alisema. "Mama, twende."

Tangu hapo muuguzi hakupokea simu za Kocha. Kocha alifundisha akiwa ameinamisha kichwa. Kila wanafunzi walipocheka alidhani wanamcheka yeye. Kombe alilifungia kabatini. Usiku aliiona ile sura ya mama ikitafuta mgonjwa, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Safari ya mama kurudi kwao iliangukia saa za mazoezi. Kocha aliwaacha wanafunzi uwanjani, akaenda kugonga mlango wa muuguzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

"Hakuna mguu, mama. Nilidanganya. Ningeweza kuondoka kwenye mechi, sikutaka. Sina la kujitetea."

"Mwanangu anasema ulidanganya kwa sababu hutaki kuolewa naye."

"Mimi?" Kocha aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Nilidanganya kwa sababu nilitaka yote mawili!"

Muuguzi alitokea nyuma ya pazia, macho mekundu. "Ungesema mechi haijaisha, ningemleta mama atazame. Tungekaa na wewe benchini. Kwani ilikuwa shida gani?"

Hapo ndipo Kocha alipolia, maana kweli haikuwa shida yoyote.

"Alishinda, yule binti wenu?" mama aliuliza.

"Alishinda, mama."

"Mimi sikuona hata mpira mmoja. Nilikuwa nakodolea macho miguu ya watoto wa watu." Akachukua mtandio wake. "Wako wapi hao watoto?"

"Nimewaacha uwanjani."

"Basi twende. Waliniona nikiaibika; utawaambia mimi nani, na siku ile nilifuata nini. Basi langu nitapanda la jioni."

Uwanjani, Kocha alisimama mbele ya wanafunzi wake.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Siku ile alikuja kumwona mgonjwa kwa sababu nilimdanganya. Aliyekosa ni mimi, si yeye."

"Na mimi je?" muuguzi aliuliza taratibu.

"Huyu ni mchumba wangu. Kama bado ananitaka."

"Bado," muuguzi alisema. "Tena nataka tuoane mwezi huu huu."

Watoto walilipuka kwa makofi. Mama hakupiga. Alikwenda kukaa kwenye benchi, akajisogeza, akapangusa vumbi pembeni yake kwa ncha ya mtandio.

"Njoo ukae, mkwe," alisema. "Wacha wacheze."

Kocha akakaa, uso bado unamwaka.