Macho Kisima Aache Kulia

"Zima hiyo deki," nilisema, nikasimama katikati ya kibanda cha video.

Watu kama mia mbili walinigeukia. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa tisini na sita, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaseti ya nne kati ya saba. Kwenye runinga, binti wa fundi saa, yule tuliyembatiza Macho Kisima, alikuwa analia kwenye theluji. Kwenye maikrofoni alikuwa Nyawal. Katuni ilikuwa ya Kijapani, ikatiwa sauti za Kiarabu juu yake, na Nyawal aliyekulia Khartoum ndiye aliyetugeuzia Kiswahili.

"Lokaale wa Lodwar," alisema polepole, maikrofoni mdomoni, "wewe uliitwa hapa kutengeneza jenereta."

Watu wakacheka.

"Jenereta iko sawa. Aliyeharibika ni huyo msichana. Kaseti nne ni kulia tu. Anampenda yule kijana wa koti jeupe, hamwambii. Kijana anampenda, hamwambii. Wanaangalia juu, maua yanapeperuka."

"Hayo maua yanatoka wapi," akauliza Mama Nawoi, bibi wa Kiturkana asiyekosa kiti cha mbele, "na mti siuoni?"

"Ni moyo, mama. Moyo ukiguswa, maua yanatoka."

"Basi mimi ujanani nilikuwa shamba."

Kicheko kilipotulia nikaendelea, maana mimi nikianza siachi. Nikauliza habari ya mpishi wa kwenye katuni. Matajiri wote wamechorewa macho makubwa kama visima. Mpishi hana macho wala jina, ni mkono na sufuria. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, lakini dharau naitambua hata ikichorwa ng'ambo.

"Ukiwa na malalamiko, andika," Nyawal akanijibu. "Si wewe unayeandikia kila ofisi?"

Nikaandika. Nilirudi Lodwar, nikampa dereva wa lori barua hii:

"Nyawal, salamu. Uzuri wa katuni yako: inauchukulia moyo wa msichana mmoja kwa uzito ambao wengine wanaupa vita. Rafiki yake mwenye miwani hakumtupa hata siku moja. Yule binti alipompa adui yake mwavuli, nililoa mimi. Ubaya: machozi. Zile mbio za ufukweni ni picha ileile, imerudiwa mara tisa. Mpishi. Na kunyamaza. Mimi ningekuwa yule kijana ningesema: sina koti jeupe, nina bisibisi na hasira, lakini wewe ukicheka, hasira yangu inakosa pa kukaa."

Naapa nilidhani naandika juu ya katuni.

Jibu lilikuja na lori lilelile:

"Barua nimeipata. Baba mdogo Nyuon ameniletea mchumba, anaitwa Reath. Nimemwambia nitatoa jibu langu katuni ikiisha. Zimebaki kaseti tatu. Usikose Alhamisi."

Niliisoma mara nne. Usiku sikulala, asubuhi nikamwandikia kurasa mbili kuhusu mpishi.

Basi kaseti ya tano, mambo yakageuka. Macho Kisima akafuta machozi. Mpishi akaitwa kwa jina, na jina lenyewe Asekon. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo: Mturkana anapika nini Japani? Mimi nilipiga makofi. Halafu kijana akafungua kinywa, akasema hana cha kujivunia ila bisibisi na hasira, na binti akicheka hasira inakosa pa kukaa.

Macho Kisima akamjibu, "Basi hiyo hasira ilete nyumbani. Nitaitafutia kiti."

Maneno niliyatambua. Nikajiambia, wenye akili hufikiri sawa. Lodwar nzima nikaitangazia kwamba Wajapani wamejirekebisha.

Kaseti ya saba kibanda kilifurika. Mzee Nyuon mwenyewe alikaa nyuma, fimbo magotini. Binti alikuwa amesimama stesheni akimwambia kijana mambo mazito ya moyo, kina mama wanajifuta macho, mara Yai, mwuza nguo mgeni, akaangua kicheko.

"Huyu dada anawadanganya. Kwa Kiarabu yule kijana ni kaka yake. Anaambiwa avae sweta, kuna baridi."

Kibanda kikalipuka. Mimi nikatoka. Nyawal alinikuta kwenye jenereta.

"Nimedanganywa na wakubwa," nikamwambia. "Bomba la maji waliloahidi mwaka wa themanini na tatu nalikumbuka mpaka rangi. Kwako sikutegemea."

"Waliotia Kiarabu waliona aibu, wakawafanya ndugu. Lakini macho hawakuweza kuyachora upya. Mimi nilitafsiri macho."

"Na maneno yangu?"

"Nani mwingine alikuwa na la kusema? Kaseti tatu nakujibu mbele ya watu mia mbili, Lokaale. Mama Nawoi amesikia. Mbuzi wa jirani wamesikia. Wewe ukaenda Lodwar kusifu Wajapani."

Nikashika jenereta. Ilikuwa moto, sikuutoa mkono upesi.

"Inaisha vipi kwa kweli?"

"Treni inaondoka na kijana. Binti anabaki, amenyamaza. Maua."

"Amenyamaza tena. Huo ndio ubaya wake."

"Na wewe umesema nini?"

Hakuna ofisi iliyowahi kunijibu hivyo. Nikarudi ndani. Nikapita katikati ya zile kelele mpaka kwa Mzee Nyuon, nikapiga goti.

"Mzee, mimi ni Lokaale, fundi wa Lodwar. Ni Mturkana. Najua ninyi wa Sudan mnavyotusema, na sisi tunawasema. Nampenda Nyawal. Naomba ruhusa wazee wangu waje."

Mzee akaegemea fimbo yake.

"Khartoum nimekaa miaka kumi na miwili. Unafikiri Kiarabu sikijui? Tangu kaseti ya tano namsikia binti yangu akiongea na mtu ambaye hayuko kwenye runinga. Nilikuwa nangoja huyo mtu aamke."

"Na Reath, mzee?"

"Reath nilimleta hapa kibandani wiki iliyopita. Alilala." Akainua fimbo. "Wazee wako waje Jumapili. Waje na midomo, barua waziache."

Tulifunga ndoa Desemba. Jioni ile watu walidai kaseti ya kwanza, na Nyawal, bado na shela lake, akashika maikrofoni, akaapa kwamba sasa ni mke wa mtu na atatafsiri ukweli mtupu.

"Kaka," akatafsiri, "sweta lako liko wapi?"

Mtu akakohoa.

"Binti," akasema Mama Nawoi, "huo ukweli uweke kabatini. Tuambie ile yetu."

Nyawal akacheka, akanikabidhi maikrofoni. Nikaanza na Asekon, mpishi.