Mfupa wa Mzee Crispín

Adhuhuri hiyo soko la San Juan de Dios, pale Guadalajara, lilikuwa limefurika. Eulalia, shali nyekundu begani, aliimba huku gitaa lake likimezwa na kelele za wauza viatu. Leobardo, fundi wa magitaa, akachungulia kibandani mwake, mdomo umejaa mkate wa pilipili.

"Dada, hilo gitaa linalia au linanong'ona?"

"Linanong'ona na wenye masikio. Wewe kula!"

Leobardo alicheka hadi pilipili ikampalia. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mwisho wa masika Eulalia akaitwa kujaribiwa uimbaji kwenye hoteli moja ya pwani. Akampelekea Leobardo gitaa atie kinasa sauti cha kupeleka mlio kwenye spika, ule utepe mwembamba unaolala chini ya kijipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Mfupa huo aliuchonga marehemu baba yake Eulalia, mzee Crispín, akiwa hajiwezi kitandani.

"Usiniharibie, mpenzi."

"Mimi? Utasikika hadi Tijuana!"

Utepe ukiingia, nyuzi huinuka, kwa hiyo mfupa hupunguzwa chini. Fundi mwenye adabu huuweka kando ule wa zamani, akachonga mpya. Leobardo alikuwa na haraka ya kusifiwa. Akausugua ule ule kwenye msasa huku akipiga mluzi, ukaisha kupita kiasi, nyuzi zikakwaruza shingo ya gitaa. Akachonga mwingine bila kumwambia Eulalia.

Gitaa likalia soko zima. Wauza viatu wakapiga makofi. Eulalia akainama.

"Mbona mfupa mweupe?"

"Ni taa tu, mpenzi."

Wanetu, mkiharibu, semeni papo hapo. Ukweli huliza, lakini kilio chake hukauka.

Jioni simu ikalia.

"Leobardo, kidole changu kinaujua mfupa wa baba. Umeupeleka wapi?"

"Niliusugua... Niliogopa, roho yangu."

"Ungeniambia, ningelia, kisha ningekusamehe. Ukaniambia ni taa!"

Simu ikakatwa. Alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Hoteli ikamchukua Eulalia kazini. Leobardo alimkuta kituo cha mabasi, shali ile ile begani, akampa kisanduku cha kiberiti. Ndani mlikuwa na mfupa wa mzee, mwembamba kama ukucha.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi usiende."

Eulalia alikifumbata kiberiti, akapanda ngazi ya basi, akageuka macho yamelowa.

"Gitaa linalia vizuri," alisema. "Ahsante, fundi."