Kikapu cha Bi Zamda

Kila Jumatatu na Alhamisi, alfajiri, Severa aliamshwa na mama yake aende kupanga foleni. Alikuwa na miaka kumi na tatu na alisoma darasa la sita. Alivaa sare ya shule moja kwa moja, kwa kuwa hakujua kama angepata nafasi ya kurudi nyumbani kabla ya kengele. Kisha alichukua kikapu, akatoka chumbani kwao Mtaa wa Sikukuu na kuelekea duka la ushirika.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu vita vya Kagera viishe, na bidhaa zilikuwa adimu. Leo kulikuwa na sukari, kesho sabuni, keshokutwa hakuna kitu. Watu wa Kariakoo walikuwa wamechoka hata kulalamika. Aliyeshindwa kusimama aliacha jiwe, kikapu au kandambili mahali pake, akaenda kuketi barazani. Hakuna aliyegusa alama ya mwenzake. Foleni ingewezaje kwenda bila hivyo?

Alhamisi moja ilisemekana kuna sabuni. Mbele ya Severa alisimama Mzee Marcelino, kuli mstaafu wa bandarini, na mbele ya Mzee Marcelino alikuwa Bi Zamda, jirani yao. Mume wa Bi Zamda alikuwa amepooza, na kila baada ya muda ilibidi ageuzwe kitandani.

"Mjukuu wangu, niangalizie kikapu," Bi Zamda alimwambia Severa. "Nakwenda kumgeuza babu yako. Sitakawia."

"Sawa, bibi."

Muda mfupi baadaye lori lilifika. Mzee Zahoro, balozi wa nyumba kumi aliyesimamia mgawo, aliomba mtu wa kumsaidia kushusha makasha. Wengi walitazama pembeni. Mzee Marcelino alivua kofia yake, akaiweka chini mahali pake, akaenda kubeba.

Mgawo ulianza, na foleni ikasogea. Ghafla Mzee Zahoro alitoka mlangoni, akainua mkono.

"Ndugu zangu, vimebaki vipande tisa tu!"

Severa alihesabu watu na alama. Kikapu cha Bi Zamda kilikuwa cha nane. Kofia ya Mzee Marcelino ilikuwa ya tisa. Yeye alikuwa wa kumi.

Miguu ilimuuma. Alimkumbuka mama yake, mfanyakazi wa usafi hospitalini, aliyefua sare yake ya kazi kwa majani ya mpapai badala ya sabuni wiki mbili mfululizo, na ambaye juzi alirudi analia kwa sababu msimamizi alimsema mbele ya wagonjwa kwa sare isiyotakata. Severa alitazama huku na huku. Wote walikuwa wanatazama mlangoni. Polepole, kama mtu anayejinyoosha, alikisukuma kikapu kwa mguu mpaka kikaangukia mtaroni.

Mzee Marcelino aliporudi kutoka kwenye makasha alipewa chake, naye Severa akapata kipande cha mwisho.

Bi Zamda alirudi anahema. Alikiona kikapu chake mtaroni, akashika kichwa. "Nani kaniondolea kikapu? Severa, si nilikuachia wewe?"

Watu waligeuka.

"Nilimwona Mzee Marcelino akipita hapo," alisema.

Ni kweli alikuwa amepita hapo, akienda kubeba makasha. Lakini hakuna aliyeuliza zaidi. Wote walimjua Mzee Marcelino. Kwa miaka mingi alikuwa mlevi wa mtaa, na siku moja aliwahi kuvuruga foleni nzima kwa matusi. Tangu Jumatano ya Majivu hakuwa amegusa pombe, na alikuwa ameomba radhi nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wamempa mkono na kusema wamesamehe.

"Mlevi ni mlevi tu!" Bi Zamda alifoka.

Mzee Zahoro alimnyang'anya Mzee Marcelino sabuni, akampa Bi Zamda. "Na mwezi huu wote usinikanyagie hapa," alisema.

Mzee Marcelino aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi na kuondoka.

Mama alifurahi sana kuiona ile sabuni. Aliinusa kama ua. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema. Severa alishindwa kumaliza uji wake.

Jumapili, Mzee Marcelino hakuonekana kanisani. Jumanne, Severa akitoka shule, alimwona ameketi nje ya kilabu cha pombe, macho mekundu, kofia imelala miguuni pake. Severa alivuka barabara ili wasikutane. Siku hizo alilala lakini hakupumzika. Aliamka akiwa amechoka kama mtu aliyebeba gunia usiku kucha.

Jumamosi ilikuwa zamu ya watoto wa mafundisho ya Kipaimara kuungama. Severa alipiga magoti, akaeleza yote kwa Padre Leodegar, ila alianza kujitetea.

"Sikusema uongo, Padre. Kweli alipita pale."

Padre alikuwa mzee, na tangu asubuhi alikuwa anasikiliza dhambi za watu. "Maneno yako yalikuwa ya kweli," alisema kwa upole, "lakini uliyatuma yakafanye kazi ya uongo. Sivyo?"

Severa alilia. "Ndiyo, Padre."

"Mungu hachoki kusamehe, binti yangu. Nitakuondolea dhambi kwa jina lake. Lakini huko nje kuna mtu amebeba mzigo wako. Malipizi yako si sala peke yake. Ukautue ule mzigo. Kama unaogopa, mwambie mama yako aende nawe."

Jioni ile Severa alimwambia mama yake. Mama aliacha kuchambua mchele. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliketi tu, mikono imelegea magotini, na Severa aliona afadhali angechapwa.

"Nami nikambariki aliyeileta," Mama alisema mwishowe. Alichukua sabuni, nusu yake ikiwa imekwisha, akaifunga kwenye gazeti. "Twende."

Walimkuta Mzee Marcelino chumbani kwake. Palinuka pombe. Severa alisema shikamoo, kisha akaeleza yote akiwa amesimama, machozi yakimdondoka.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nilidhani ni upepo uliokiangusha."

"Nisamehe, babu. Umerudia pombe kwa sababu yangu."

Alitikisa kichwa. "Kikapu ni dhambi yako. Pombe ni yangu. Aliyeinua kikombe ni mimi, usinibebee." Akajisugua uso. "Ila nilichoka. Unajitahidi miezi mitano, halafu kwa neno moja tu watu wanasema, tulijua. Nikajiona mjinga kujisumbua."

Alikataa sabuni mara mbili. Mara ya tatu, Mama alipoiweka mezani na kusema, "Kaka, tafadhali, si yetu," aliiacha pale.

Jumatatu alfajiri Severa alisimama mbele ya foleni. Mama yake alikuwa kando yake, akijua kwamba atachelewa kazini. Sauti ya Severa ilisikika mpaka nyuma.

"Kikapu cha Bi Zamda nilikisukuma mimi. Mzee Marcelino hakuhusika. Alikuwa anawashushia nyinyi makasha."

Watu walinong'ona. Mmoja alisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Bi Zamda alimtazama Severa.

"Nilikuamini," alisema. Kisha akainamisha uso. "Lakini mimi ni mtu mzima, na sikuuliza. Zahoro, nawe hukuuliza."

Mzee Zahoro alikohoa, akarekebisha kofia yake. Alimtuma mtu akamwite Mzee Marcelino. Mzee Marcelino alipofika, Mzee Zahoro alimwomba radhi mbele ya wote, na Bi Zamda akamsogezea nafasi mbele yake. Severa alipelekwa mwisho wa foleni. Siku hiyo hakupata kitu, na shuleni alichapwa viboko viwili kwa kuchelewa. Usiku alilala fofofo.

Siku ya pili, wakifua pamoja uani kwa majani ya mpapai, Severa aliuliza, "Mama, kwa nini haikutosha kuungama kwa Padre? Si Mungu alikuwa amekwisha kunisamehe?"

Mama alikamua nguo, akanyoosha mgongo uliomuuma.

"Alikusamehe. Lakini msamaha wa Mungu si pazia la kufichia ubaya tuliomtendea jirani. Unakupa nguvu ya kurudi ulikoharibu, ukatengeneze. Na sisi tuliompa Marcelino mkono, tukaendelea kumhesabu mlevi moyoni, tulikosa pia. Mtu akitubu, mwache awe mtu mpya."

"Atakunywa tena, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Kusimama ni kazi ya kila siku. Jioni tutampelekea uji, tumjulie hali. Hebu shika upande huo, tukamue."